Kifurushi cha ustahimilivu wa taasisi: kinunue kwa ajili ya ubia, si kwa ajili ya programu

Kwa mwenye haraka: huduma hii ya ushauri, inayolenga kuiwezesha taasisi kuendelea na kazi wakati wa majanga, inafaa, ila si kwa sababu wanazozitangaza wauzaji wake. Ina sehemu tatu: mkakati, ubia na programu ya akili mnemba (AI). Wao wanaiuza kwa jina la akili mnemba. Thamani yake iko kwenye mazoezi na kwenye kazi ya ubia, ambayo kwenye kipeperushi chao imepewa aya moja tu mwishoni. Sehemu ya mkakati ni nzuri nusu. Programu yenyewe ni msomaji hodari na mwandishi mbovu.

Naongea nikiwa msimamizi wa uendeshaji kwenye shirika la ukubwa wa kati linalosambaza vitendanishi (kemikali za kupimia) na vifaa vya maabara. Bidhaa nyingi kati ya hizo hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, na zikikaa juu ya hapo hazina kazi tena hata kama kwa macho ziko vilevile. Hatuna idara ya vihatarishi. Tuna mimi, mhasibu, dada wa ghala, fundi mitambo na mkurugenzi ambaye muda mwingi yuko safarini. Uongozi ulipoamua tununue huduma ya ushauri wa "kujenga ustahimilivu", jukumu la kuisimamia likaangukia kwangu. Jina la kampuni silitaji. Huduma za aina hii zinafanana mno, na nitakayoyasema yanaweza kukusaidia kupima yoyote utakayoletewa mezani.

Wanaanza na mkakati, na ndani yake rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuharibika, na hapo ndipo niliponuna. Waliyotuletea ni jedwali refu la rangi tatu, uwezekano unazidishwa na athari, na katikati yake kukawa na mstari unaosema "kuporomoka kwa kuta za mgodi". Sisi hatuchimbi chochote. Mshauri kijana aliyekuja nalo alicheka, akaufuta mstari, tukaendelea, lakini ilikuwa wazi kwamba jedwali limeshatembea ofisi nyingi kabla ya kufika kwetu. Na hata lingekuwa limeandikwa kwa ajili yetu, jedwali la namna hiyo lina tatizo lake: mtu akishapaka kisanduku rangi nyekundu anajisikia kama ameshalishughulikia jambo lenyewe. Siku nzima ya kikao iliishia kwenye ubishi kama moto ni "tatu" au "nne".

Kilichookoa sehemu hii ni mambo mawili. La kwanza ni uchambuzi wa athari, ule unaotakiwa na kiwango cha kimataifa cha mwendelezo wa shughuli, ISO 22301, toleo la 2019. Swali lake halina mapambo: shughuli gani ikisimama, na ikisimama kwa muda gani, ndipo mteja anaumia? Tulilijibu kwa shughuli moja baada ya nyingine. Ikaonekana ankara zinaweza kusubiri wiki nzima bila mtu kupiga simu kulalamika, lakini joto la ghala la baridi halisubiri hata nusu siku. Kisha tukafungua mpango wetu wa zamani wa dharura. Sura ndefu kuliko zote ilikuwa ya uhasibu. Ghala la baridi lilikuwa na aya mbili, na mojawapo ilikuwa ya kumshukuru aliyetupa majokofu.

La pili ni mbinu iliyoelezwa na mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007. Badala ya kuuliza nini kinaweza kuharibika, mnaambiwa mwaka umeshapita na mpango umeshakufa, kila mmoja aandike kimya kimya kilichouua. Kwenye chumba ambacho bosi yumo, tofauti ni kubwa. Mtu wa chini hathubutu kusema mpango wa mkurugenzi una tundu, lakini akiambiwa mpango ni marehemu tayari, anaandika sababu ya kifo bila kutetemeka. Dada wa ghala, ambaye vikaoni huwa hafungui kinywa, aliandika mistari mitatu: jenereta linajulikana na mtu mmoja, mtu huyo anakaa mbali, na ufunguo wa chumba cha jenereta anao yeye. Mistari hiyo mitatu ilikuwa na faida kuliko jedwali zima. Fundi mwenyewe aliisoma, akasema, "Ni kweli dada, na simu yangu usiku huwa naizima."

Mwezeshaji mkuu, mama mmoja mtu mzima aliyewahi kuongoza ghala kubwa kabla ya kuingia kwenye ushauri, alitusimulia kisa cha Maersk. Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia kwenye mitandao ya kampuni hiyo ya meli, vikafuta kompyuta bandari kwa bandari. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa nyingi na zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo ziliangamia pamoja. Ilipona moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale na seva haikuwa mtandaoni. Intaneti ilikuwa ya polepole mno kuituma data yake, na hakukuwa na mfanyakazi wa pale mwenye viza ya Uingereza, ikabidi mmoja asafiri hadi Nigeria kumkabidhi mwenzake diski uwanja wa ndege. Chumba kizima kilicheka, na mama akatuacha tucheke kwanza. Halafu akasema ile ya Ghana ilikuwa bahati, msiiandike kwenye mpango. Cha kuandika ni kilichofuata: kwa maelezo ya mwenyekiti wa kampuni, seva zipatazo 4,000 na kompyuta 45,000 zilijengwa upya kwa takribani siku 10, huku watu wakihudumia mizigo kwa mkono. Akatuuliza nani kati yetu anaweza kutoa mzigo ghalani kwa mkono. Mikono iliyonyanyuliwa ilikuwa ya wazee tu. Vijana wote waliajiriwa baada ya mfumo kufika.

Sasa ubia. Tulikuwa na hati ya makubaliano na msambazaji mwingine, kusema kweli ni mshindani wetu, kwamba chumba cha baridi cha mmoja kikifa mwingine atahifadhi bidhaa zake. Ilisainiwa kwa picha na kupeana mikono, kisha ikaingia kwenye faili. Mwezeshaji aliisoma mara moja, akaweka kidole kwenye kifungu cha "pande zote mbili zitashirikiana kwa nia njema", akauliza: "Huyu nia njema namba yake ya simu ya usiku ni ipi?"

Akataka washirika wenyewe waje kwenye zoezi. Hapa ndipo huduma hii inapowazidi wengine niliowaona. Wengi hufanya zoezi la mezani, yaani kuigiza dharura kwa mazungumzo, na wafanyakazi wako peke yao, mnapongezana, mnapewa vyeti. Huyu alikalisha meza moja sisi, wale washindani wetu, mwenye magari ya kusafirisha mizigo ya baridi na anayetuuzia dizeli. Anatoa kadi moja moja na kuisoma kwa sauti ya kawaida kabisa. Kadi ya kwanza: saa kumi na moja alfajiri, jokofu namba mbili linasoma nyuzijoto 11. Kadi ya pili: mfumo wa ghala haufunguki. Mhasibu akasema apigiwe mkurugenzi aidhinishe kuhamisha. Kadi ya tatu: mkurugenzi yuko kwenye ndege. Nikasema nitampigia mwenye magari. Mama akaniuliza namba iko wapi. Nikamjibu iko kwenye mfumo. Akanyamaza, akaigonga kadi ya pili kwa kalamu.

Hili si letu peke yetu, na hilo lilinipunguzia aibu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilitoweka mtandaoni kwa takribani saa sita kutokana na badiliko baya kwenye mtandao wao wenyewe, na vifaa vya ndani ambavyo mafundi wangevitumia kurekebisha vilikuwa vimetegemea mtandao uleule. Kampuni yenye wahandisi wa kila aina iliweka dawa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake uko ndani ya kabati.

Tuliendelea. Washindani wetu wakasema chumba chao kiko wazi, karibuni, leteni. Watu wakaanza kutabasamu. Ndipo mwenye magari, mzee mmoja mpole aliyekuwa hajasema kitu, akaomba kuuliza: umeme ukikatika eneo zima, si na wao watataka magari yaleyale? Kumbe mikataba yote miwili, yetu na yao, inamtegemea yeye, na yeye ana magari ya baridi mawili tu. Muuza dizeli naye akacheka akasema hata mafuta, wote wawili ni wateja wangu, na wote nimewaahidi kuwa wa kwanza.

Kwa dakika hizo chache tulilipata tuliloilipia kampuni. Ubia ambao unaangushwa na pigo lilelile linalokuangusha wewe ni karatasi. Mnaofuatilia habari za teknolojia mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft. Mashirika ya ndege, hospitali na benki ambayo hayana uhusiano wowote yalikwama pamoja kwa sababu yalimwajiri mlinzi mmoja. Na Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud, kampuni inayokodisha seva, kilipoungua Strasbourg, Ufaransa, wapo wateja waliogundua kuwa nakala zao rudufu zilikuwa eneo lilelile la moto. Kwenye makaratasi walikuwa na nakala.

Mfano ninaoupenda zaidi kwenye mada hii ni wa zamani. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin Seiki huko Kariya, Japani, kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani kwa ajili ya Toyota. Toyota, kwa desturi yake ya kutorundika akiba, ilikuwa na vali za saa chache tu. Viwanda vyake vikasimama. Kampuni nyingi, kubwa na ndogo, zikajitosa kutengeneza vali ambazo hazikuwahi kuzitengeneza, mojawapo ikiwa kampuni inayojulikana kwa cherehani, na uzalishaji ukaanza kurudi ndani ya takribani wiki moja. Hawakukaa kwanza kuvutana nani atalipwa kiasi gani na michoro ni mali ya nani. Hayo yalikuja baadaye. Washauri hupenda kusimulia kisa hiki kama hadithi ya upendo. Mimi naona kilichofanya kazi ni miaka mingi ya mafundi wa kampuni hizo kuingia kwenye viwanda vya wenzao na kujuana kwa majina. Huwezi kulisaini hilo siku moja kwa picha.

Baada ya zoezi hati yetu iliongezewa kiambatisho cha ukurasa mmoja. Kinataja vyeo, kila cheo namba mbili za simu, idadi ya rafu watakazotuachia, nani anaandika joto wakati wa kukabidhiana, dizeli ni ya nani, na mzigo unaweza kukaa siku ngapi kabla ya kuanza kulipiwa. Msafirishaji wa pili ametafutwa, wa upande mwingine kabisa, ambaye washindani wetu hawamtumii. Jambo moja kampuni ya ushauri ililisahau na ikabidi tumwite mwanasheria: washindani wakikaa meza moja, sheria za ushindani katika nchi nyingi zinawatazama. Bei na majina ya wateja hayakupaswa kuguswa kabisa. Tuliamua masanduku yanayohama yawe na namba tu, bila jina la mteja. Kwa kampuni inayouza ubia kama nguzo yake, kulisahau hilo si dogo.

Nyota kwa ubia: nne na nusu kati ya tano. Nusu imeondoka na mwanasheria.

Tuje kwenye akili mnemba, ambayo ndiyo imepamba kipeperushi. Unapewa programu ya mazungumzo, unaipakia nyaraka zako, nayo inadai itakuandikia mpango wa mwendelezo wa shughuli, itakufuatilia vihatarishi na itakujibu swali lolote wakati wa dharura.

Mpango iliyotuandikia ulikuwa mrefu, safi, wenye vichwa vizuri, na ungeweza kuwa wa shirika lolote duniani. Nilipouliza nani anaidhinisha kuhamisha shehena nje ya saa za kazi, ilijibu bila kusita: Meneja wa Uhifadhi. Cheo hicho kwetu hakipo na hakijawahi kuwapo. Hakuna waraka hata mmoja tulioupakia wenye maneno hayo. Ukimwuliza mtu swali asilolijua utaona anakuna kichwa, hii haikuni. Na usidhani kosa la mashine ni la mashine. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua kuwa Air Canada inawajibika kwa maelezo yasiyo sahihi ambayo roboti mazungumzo ya tovuti yake ilimpa msafiri kuhusu nauli ya msiba. Shirika lilijaribu kujitetea kwa kuitenganisha roboti na yenyewe, likashindwa. Ikitokea mzigo umeharibika kwa sababu mtu alimsubiri Meneja wa Uhifadhi, mteja atanijia mimi.

Halafu kuna swali ambalo muuzaji hakulipenda: siku intaneti imekatika, msaidizi wa dharura anakaa wapi? Jibu lilikuwa kwamba mpango "unaweza kuchapishwa". Basi tumeuchapisha, ule wetu mfupi, umebandikwa nyuma ya mlango wa ghala pamoja na namba za simu.

Lakini siwezi kuitupa yote. Nilipoacha kuitaka iandike na kuanza kuitaka isome, ikawa kitu kingine. Niliipa mpango wetu mpya, mkataba wa msafirishaji, hati ya ubia na bima, nikaiambia initafutie mahali nyaraka hizi zinapogombana, na kila hoja initajie kifungu. Ikaleta orodha. Baadhi ni takataka: ililalamika kuwa neno "siku" halijafafanuliwa kama ni siku ya kazi, jambo ambalo mwanasheria alisema linaeleweka pale lilipo. Ila hoja moja ilinifanya nisimame: mpango wetu unaahidi mzigo kuhamishwa ndani ya saa nne, wakati mkataba wa msafirishaji unampa haki ya kutaarifiwa saa 24 kabla. Nyaraka hizo zote mbili nimezisoma mimi, mwanasheria kazisoma, mshauri kazisoma, kila mmoja kwa wakati wake na akiwa na lake kichwani. Nilifungua kifungu chenyewe kwenye karatasi na kukuta ni kweli. Nyingine ilikuwa ya bima: fidia ya bidhaa zilizoharibika inahitaji kumbukumbu ya joto isiyokatika, na kwenye utaratibu wetu kipima joto kinabaki ghalani mzigo unapoondoka. Sasa kinasafiri na mzigo.

Pia inatunga kadi za mazoezi vizuri. Ukiiambia iwe adui, ikutafutie mfululizo wa mikasa mitatu midogo inayoweza kutokea siku moja, inakuja na mambo ambayo binadamu mstaarabu hawezi kuyasema mbele ya wenzake. Mama mwezeshaji anazipunguza makali, lakini anazitumia.

Tahadhari ya data. Walitaka tupakie kila kitu, yakiwemo mafaili ya wafanyakazi na mikataba ya wateja yenye vifungu vya siri. Nilikataa mpaka waandike kwenye mkataba data inahifadhiwa wapi, inafutwa lini, na kwamba haitumiki kuifundisha programu. Walichukua muda mrefu kujibu kuliko nilivyotegemea kwa kampuni inayotaja kiwango cha ISO/IEC 42001 cha mwaka 2023, kile cha usimamizi wa akili mnemba, kwenye kila slaidi. Wakati huo wote tulifuta majina kwa mkono kabla ya kupakia, kazi ya kuchosha ambayo ilimwangukia mhasibu na hajanisamehe. Kwa akili mnemba natoa nyota mbili na nusu ukiitumia wanavyoiuza, nne ukiitumia kama msomaji tu.

Mambo madogo: ripoti zao ni ndefu bila sababu. Ankara huja kwa wakati, ripoti haiji. Mshauri akibadilishwa katikati unaanza upya kujieleza, na hilo lilitutokea kwenye sehemu ya mkakati. Waliomba pia tusaini barua ya kuwasifu kabla hata zoezi halijafanyika. Hatukusaini.

Muda wa mkataba ulipoisha walileta kifurushi kilekile cha sehemu tatu, wakasema hakivunjwi. Tumekivunja. Walianza kwa kukataa, wakaomba kushauriana, wakarudi na mapendekezo mengine. Tulichobaki nacho ni mazoezi ya mezani pamoja na washirika, na kupitia hati za ubia kila zinapokaribia kuhuishwa. Rejista ya rangi tumeiacha. Leseni ya programu imepunguzwa hadi mtumiaji mmoja, ambaye ni mimi, kwa ajili ya kuipa mikataba isome. Na jina la yule mama limeandikwa kwenye mkataba, kwamba akibadilishwa bila idhini yetu, tuna haki ya kusitisha.